Hesabu za sekunde 30: watoto mabingwa wa runinga na pesa zako za simu

Karibu kila boma la Kericho na Bomet lina mtoto wa aina hii. Baba akirudi kutoka kituo cha kupimia majani na risiti mkononi, ni yeye huitwa apige hesabu. Kogo, yaani nyanya, akiingia SMS kwenye kabambe yake, ni yeye huitwa aisome. Dukani anajua chenji ni ngapi kabla muuzaji hajafungua droo. Watu humtazama na kusema, "Huyu ana kichwa."

Leo, mteja wetu, tunataka kuzungumza juu ya watoto wenye kichwa. Tutaanzia mbali kidogo, kwenye kipindi cha runinga cha Uingereza ambapo watoto wamewabwaga watu wazima kwa maneno na hesabu, halafu turudi kwenye majani chai yetu. Msimu wa bonasi ni msimu wa pesa nyingi kuingia kwenye simu. Pia ni msimu wa matapeli. Na siri ya watoto hao inaweza kukuokolea bonasi yako, mradi uielewe vizuri, kwa sababu watu wengi huielewa kinyume.

Kipindi ambacho zawadi yake ni birika la chai

Kipindi chenyewe kinaitwa Countdown. Kilianza tarehe 2 Novemba 1982, na ndicho kilikuwa kipindi cha kwanza kabisa kurushwa na Channel 4 siku stesheni hiyo ilipofungua milango. Waingereza hawakukibuni wao. Mzizi wake uko Ufaransa, ambako Armand Jammot alianzisha mchezo wa maneno mwaka 1965, kisha upande wa hesabu ukaongezwa mwaka 1972.

Mchezo ni rahisi kueleza. Washindani wawili wanakaa mbele ya saa kubwa ya ukutani. Katika raundi ya herufi wanapewa herufi tisa, na kila mmoja anatafuta neno refu kuliko yote. Katika raundi ya hesabu wanapewa nambari sita na nambari moja ya kulengwa, kuanzia 100 hadi 999. Wajumlishe, watoe, wazidishe au wagawanye, lakini kila nambari itumike mara moja tu. Mwishoni kuna fumbo la neno moja la herufi tisa zilizovurugwa, na wa kwanza kubonyeza kengele ndiye anayejibu. Kila raundi saa inahesabu sekunde 30. Sekunde 30 tu!

Sasa, anayeshinda anapewa nini? Hapewi hata shilingi moja. Mshindi wa mchezo hupewa birika la chai lenye jina la kipindi. Watu wa Kericho tunajua thamani ya birika, lakini si jambo la kutajirisha mtu. Bingwa wa msimu mzima alizoea kupewa kamusi kubwa ya Oxford, ile ya juzuu 20. Na kwa kuwa Uingereza ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya, si ajabu mabirika kadhaa ya washindi yamewahi kuchemkia majani yaliyochumwa Litein au Mogogosiek.

Miaka 8, miaka 14

Kipindi hiki huwa na watazamaji wengi wa umri mkubwa, na washindani wake wengi ni watu wazima: walimu, wahasibu, wastaafu. Kwa hivyo mwezi wa Machi 2005 watu walishtuka kidogo mtoto wa miaka 8, Tanmay Dixit, alipokaa kwenye kiti. Alishinda michezo miwili. Darasani angekuwa bado anajifunza kuandika insha fupi. Runingani alikuwa anashindana kwa kamusi nzima.

Mwaka 2006 akaja Conor Travers. Huyu alikuwa na miaka 14. Hakushinda mchezo mmoja au miwili tu, alitwaa msimu mzima na kuwa bingwa mwenye umri mdogo kuliko wote waliowahi kutangulia. Ili ujue ukubwa wa jambo hilo, elewa ratiba ilivyo. Mchezo mmoja una raundi 15. Anayeshinda michezo 8 mfululizo hupumzishwa, halafu wanane bora wa msimu hurudi kwa robo fainali, nusu fainali na fainali. Hakuna nafasi ya kubahatisha hapo. Bahati inaweza kukuvusha mchezo mmoja, lakini haiwezi kukubeba msimu mzima.

Tena haikuwa moto wa kifuu. Mwaka 2013, kipindi kilipoadhimisha miaka 30 kwa kuwaita wakali wa zamani wapambane upya, Travers alirudi akiwa kijana mkubwa na kulichukua taji hilo pia.

Hapa kwetu pia tumewahi kukaa mbele ya runinga kushangilia vichwa. Wengi watakumbuka John Sibi-Okumu akiuliza maswali kwenye Celtel Africa Challenge, mashindano ya vyuo vikuu yaliyoanza mwaka 2007. Nyumba nzima ilinyamaza, halafu mzee mmoja akatoa jibu kabla ya mwanafunzi, na kila mtu akageuka kumtazama. Raha ni ileile. Tunapenda kuona akili ikifanya kazi haraka.

Lakini hapo kwenye neno "haraka" ndipo tunataka usimame kidogo.

Hawakimbii, wanajua njia

Ukimtazama mtoto bingwa unadhani anawaza kwa kasi ya ajabu. Ukweli ni kwamba anawaza kwa mpango. Hebu tufanye raundi moja pamoja. Nambari ni 50, 8, 3, 7, 2 na 10. Lengo ni 431.

Asiye na mpango huanza kujaribu kila kitu: 50 mara 7, hapana, 50 mara 10, imezidi, na sekunde zinaisha. Mwenye mpango huanza kwa kusogea karibu. 50 mara 8 ni 400. Amebakisha 31. Sasa tatizo si kubwa tena, ni dogo: 31 napataje? 3 mara 7 ni 21, ongeza 10, ni 31. Jumla 431. Ile 2 imebaki, na sheria haimlazimishi aitumie.

Umeona? Kwanza makadirio, halafu salio, halafu kuhakikisha. Na asiyefika sawasawa anapata pia kitu: jibu kamili ni pointi 10, ukikaribia kwa 5 unapata 7, ukikaribia kwa 10 unapata 5. Ila kuna sheria moja kali. Saa ikisimama, unatangaza jibu lako kwanza, kisha ndipo unaeleza ulivyolipata. Ukitangaza 431 halafu maelezo yako yakatoa 429, hupati 7. Unapata sifuri.

Mfano unaopendwa kuliko yote ulitokea mwaka 1997, na mchezaji hakuwa mtoto. Anaitwa James Martin. Alipewa 25, 50, 75, 100, 3 na 6. Lengo: 952. Akajumlisha 100 na 6, ikawa 106. Mara 3, ikawa 318. Halafu akazidisha kwa 75, ikawa 23,850. Watu wakaanza kucheka, maana lengo ni 952 na yeye yuko elfu ishirini na tatu! Akatoa 50, ikabaki 23,800. Akagawanya kwa 25. Jibu: 952.

Ilionekana kama uchawi, lakini njia yake inaeleweka. 318 mara 3 ni 954. Ukitoa 2 unapata 952. Ile 3 ungeipata kwa kugawanya 75 kwa 25, na ile 2 kwa kugawanya 50 kwa 25. Shida ni kwamba 25 ilikuwa moja tu na yeye aliihitaji mara mbili. Kwa hivyo akafanya hesabu zote kwanza, akaacha kugawanya kuwe mwisho, na 25 moja ikafanya kazi ya mbili. Aliyekuwa akicheka alitazama ukubwa wa nambari. Martin alikuwa anajua anakoelekea.

Kutoka kibarua hadi akiba

Upande wa maneno nao una funzo lake. Chukua herufi hizi tisa kwa Kiswahili: A, K, I, B, A, R, U, T, M. Jipe sekunde 30 kabla ya kuendelea kusoma.

Wengi wataona "kabati" na kushangilia herufi sita. Hesabu tena: K, A, B, A, T, I. Zipo zote, hongera. Wengine wataona "akiba", herufi tano. Anayekaa kimya zaidi ataona "kibarua", herufi saba. Na jambo la kufurahisha ni kwamba ukiondoa R na U kwenye "kibarua", herufi zinazobaki ndizo zinaunda "akiba". Watu wa majani chai hawahitaji kuelezwa maana ya hapo.

Lakini kuna mtego. Mchezaji mwenye tamaa anaona "maktaba", naye anatangaza herufi saba bila kuhesabu. "Maktaba" inataka A tatu, na mezani ziko mbili. Sifuri. Yule aliyetulia na "akiba" yake ya herufi tano anachukua pointi zote tano. Watoto waliofika mbali kwenye mchezo huu walilazimika kujifunza kitu ambacho watu wazima wengi tunakijua lakini hatukifanyi: kuhesabu mara ya pili kabla ya kufungua mdomo.

Hiyo saa ni ya nani?

Sasa turudi kwenye simu yako. Kwenye Countdown saa ni ya kweli. Imewekwa na sheria, inawabana washindani wote wawili sawasawa, na ukikosea unapoteza pointi. Kesho unaamka ukiwa na mali yako yote.

Tapeli naye hufanya kazi kwa saa. Tofauti ni kwamba saa yake ni ya uongo. Sikiliza jinsi simu hizo zinavyokwenda, hasa wiki ambayo bonasi imelipwa:

"Mama, nimekutumia elfu sita na mia tano kimakosa. Zilikuwa za hospitali. Mgonjwa yuko kwa daktari sasa hivi, nakuomba unirudishie haraka, dakika mbili tu."

Au: "Laini yako inafungwa leo saa sita. Nitajie PIN yako niizuie isifungwe."

Au: "Umeshinda. Tuma ada ya usajili kabla ya saa kumi, zawadi isiende kwa mwingine."

Hadithi hubadilika, lakini ndani ya kila moja kuna saa inayohesabu. Tapeli anajua kitu ambacho hata watoto bingwa wanakijua: mtu aliyebanwa na muda hatangazi jibu alilolihakikisha, anatangaza lililomjia kwanza. Sisi sote tunaijua methali ya haraka haraka haina baraka. Tapeli anaijua kutuzidi, ndiyo maana anatukimbiza.

Kwa hivyo tunakuomba ushike jambo hili moja, hata ukisahau mengine yote: kwenye pesa zako za simu hakuna saa ya sekunde 30. Pesa zilizoingia kwa makosa hazitaoza ukizikagua kwa nusu saa. Laini haifungwi kwa sababu umekataa kutaja PIN. Sisi hatutakupigia kamwe kukuomba PIN, wala ajenti hana haki ya kuijua. Mtu akikuwekea saa, kata simu. Kukata simu si kukosa adabu.

Jumlisha SMS yako

Tuseme umekata simu, lakini SMS iko pale na inasema umepokea pesa. Utajuaje kama ni ya kweli? Cheza raundi ya hesabu.

Kabla ya SMS hiyo, salio lako lilikuwa Ksh 1,340. SMS inasema umepokea Ksh 6,500, na salio jipya ni Ksh 9,215. Jumlisha: 1,340 na 6,500 ni 7,840. Hiyo 9,215 imetoka wapi? Tapeli anaweza kuiga maandishi ya SMS, anaweza kuweka tarehe na hata nambari ya muamala. Kitu asichokijua ni salio lako. Ndiyo maana SMS bandia nyingi ama zina salio lisilojumlishika, ama haziutaji kabisa upande wa salio.

Kisha tazama imetoka kwa nani. SMS zetu zote hutoka kwa jina lilelile na huingia kwenye mlolongo uleule wa zile za zamani. Ikija kutoka kwa nambari ya kawaida ya simu, hiyo si yetu, hata kama imeandikwa vizuri namna gani.

Mwisho, usiamini SMS peke yake. Ingia kwenye menyu ya simu yako mwenyewe uangalie salio. Kama pesa hazipo, hazikuja. Na kama kweli zipo, zilitumwa kimakosa? Usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyetuma apigie huduma kwa wateja, aombe muamala urudishwe kwa njia rasmi. Mtu mkweli atafanya hivyo. Tapeli atakasirika, na hasira yake itakuwa jibu lako.

Wewe pia ukituma, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha. Lisome. Huo ndio wakati wa kuhesabu herufi mara ya pili, kama yule wa "maktaba". Ukishathibitisha umeshatangaza, na kurudisha nyuma si rahisi.

Mara 25 kwa kichwa

Wachezaji wa Countdown hupenda 25 na 75 kwa sababu wanazijua kama vidole vyao. Mkulima wa chai naye anaweza kuwa na ujuzi huo, na hauhitaji kikokotoo.

Tuchukulie, kwa mfano tu, umepeleka kilo 187 kwa mwezi na kila kilo ni shilingi 25. Usizidishe moja kwa moja. 25 ni robo ya 100. Kwa hivyo gawanya 187 kwa 4, unapata 46.75. Sasa zidisha kwa 100: Ksh 4,675. Umemaliza. Kama zilizoingia kwenye simu ni Ksh 3,900, kuna Ksh 775 za kuulizia. Pengine ni makato ya mbolea uliyochukua, na hapo hakuna ubaya. Lakini ni vizuri uyaone makato kwenye risiti kuliko kuyakisia.

Viwanda vya wakulima wadogo chini ya KTDA hulipa kidogo kidogo kila mwezi, halafu malipo ya pili, ambayo sote tunayaita bonasi, hufuata baada ya mwaka wa fedha kuisha mwezi wa Juni, kwa kawaida karibu na Septemba au Oktoba. Wakulima wa Kapkatet, Litein, Momul, Kapkoros na Tirgaga wanajua wiki hizo zilivyo. Barabara zinajaa, mitungi ya gesi inanunuliwa, madeni ya karo yanalipwa. Weka makadirio yako kabla ya siku hiyo: kilo za mwaka mzima mara kiwango kilichotangazwa na kiwanda chako. Anayejua takriban ngapi zinakuja si rahisi kudanganywa, iwe kwa SMS ya uongo au na jamaa anayejitolea "kumsaidia" kutoa pesa.

Bingwa wa nyumbani kwako

Sasa yule mtoto mwenye kichwa. Tunajua jinsi ilivyo. Kogo hasomi, macho yamechoka, na mjukuu wa gredi ya 6 anazijua menyu zote za simu. Kwa hivyo anapewa simu, anapewa PIN, anaambiwa, "Angalia kama imeingia, utoe elfu mbili."

Tunaelewa kwa nini, lakini tunakusihi usifanye hivyo. Sababu ya kwanza unaijua: PIN ikijulikana na wawili si siri tena. Mtoto anaweza kuitaja mbele ya rafiki zake bila nia mbaya. Sababu ya pili hatuizungumzi sana. Siku pesa zikipotea, hata kama zimechukuliwa na tapeli aliye kilomita mia tatu kutoka hapo, wa kwanza kutazamwa kwa jicho baya ni mtoto. Bonasi ya mwaka mzima, kazi ya mikono ya kogo tangu asubuhi ya ukungu, na swali linaelekezwa kwa mtu wa miaka 11: "Ulifanya nini?" Kumbuka hata Tanmay Dixit wa miaka 8, akikosea, alipoteza pointi tu. Usimwekee mtoto wako mchezo ambao akishindwa anapoteza imani ya nyumba nzima.

Mpe kazi inayomfaa. Mwache asome SMS kwa sauti. Mwache ajumlishe salio na aseme kama linalingana. Mwache alisome jina la mpokeaji na kiasi, herufi kwa herufi. Kisha simu irudi mikononi mwa kogo, na kogo aweke PIN mwenyewe huku mjukuu ametazama pembeni. Hata asiyesoma anaweza kukariri mahali pa vidole vinne kwenye vitufe, kwa sababu kitufe cha 5 kwenye kabambe nyingi kina kialama cha kugusa. Mazoezi ya siku mbili tatu yanatosha. Hesabu ni ya mjukuu, ufunguo ni wa kogo.

Na mkiwa na nafasi jioni, chezeni. Hakuna haja ya runinga. Katisheni kadibodi ya pakiti ya majani chai iwe vipande, mwandike herufi, mchague tisa. Kwa hesabu, vuneni lengo barabarani: kila matatu inayopita kati ya Kericho na Bomet ina tarakimu tatu kwenye nambari yake. Andikeni 431, wekeni nambari sita mezani, mwone nani anakaribia. Anza na sekunde 60, hata 90. Kogo acheze pia kwa lugha yake: agenge, aeng', somok. Mtashangaa, kwa sababu mtu aliyeuza maziwa na majani kwa miaka arobaini ana hesabu nyingi kichwani kuliko alivyowahi kuulizwa.

Wekeni sheria moja tu kwenye mchezo wenu, ileile ya Countdown: anayetangaza lazima aeleze, na asiyeweza kueleza hapati kitu. Mtoto akizoea kusema "nimeipata hivi", na mzee akizoea kuuliza "umeipataje?", tapeli akipiga atakuta nyumba yenye swali hilo tayari mdomoni. Zilitumwa lini? Salio langu lilikuwa ngapi? Mbona hazijumlishiki?

Kama umewahi kupokea SMS ya aina hiyo, au umeshatuma pesa na sasa una wasiwasi, pigia huduma kwa wateja mara moja ukitumia nambari iliyo kwenye menyu ya laini yako, si ile uliyotumiwa na mtu. Hapo peke yake ndipo haraka inasaidia. Na kabla bonasi haijaingia, fanya jambo moja leo: kama mjukuu, jirani au ajenti anaijua PIN yako, ibadilishe.